Nukta Mkato ya Mstari wa Nne

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi yetu ya Mkuyuni, nikaacha kiti ambacho mgongo wake ulikuwa umeshachukua umbo la mgongo wangu, nikaenda nyumbani Buswelu. Sikustaafu kwa umri. Ni macho. Daktari alinionyesha ubao wenye herufi zinazopungua ukubwa, nami badala ya kuzisoma nikamwambia kwamba nafasi kati ya mstari wa tatu na wa nne haikupimwa vizuri. Alicheka, kisha akaandika nipunguze kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Kwa kazi yetu, kupunguza ni kuacha.

Siku ya kuniaga, Neema, ambaye sasa ameshika meza yangu, alisimama akasema mbele ya wote: "Mzee Deo ametufundisha mengi, ila kubwa kuliko yote, ametufundisha tusipige colol." Mlicheka. Nami nilicheka. Barua hii imetokana na kicheko hicho.

Kwa msomaji ambaye hakufanya kazi nasi: kazi yetu ni kupanga sura ya kurasa za mtandao, siku hizi hasa blogu. Mteja huchagua mandhari yaliyokwisha tengenezwa, nasi tunabadilisha fonti na rangi mpaka yafanane naye. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo CSS, katika faili la pembeni ambalo tunaliita faili la mtindo. Mtu akikosea herufi humo, rangi ikakataa kutokea, ofisini kwetu tunasema amepiga colol. Neno hilo mlilipata kwangu, pamoja na hadithi yake: kwamba zamani kulikuwa na mzee mmoja Msukuma aliyeandika *color*, neno la Kiingereza la rangi, kwa l mbili: *colol*. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyeajiriwa. Leo nataka niisimulie jinsi ilivyokuwa.

Nilianza kazi Kirumba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye karakana ya mabango ya Mama Koku. Alikuwa mjane wa Kihaya, ndugu wa mbali wa mama yangu, mwanamke aliyevaa miwani kifuani kwa kamba na kuipandisha machoni pale tu alipotaka kukukatalia jambo. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Watu walioshinda ofisini miaka yote walikuwa wanatoboa dirisha kwenye ukuta wa sebule na kuuza sabuni, na kila dirisha lilitaka bango. Kila bango lilitaka maneno yale yale: JUMLA NA REJAREJA. Hata aliyekuwa na katoni mbili za biskuti aliandikiwa JUMLA.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Mabula, Msukuma wa upande wa Magu, mrefu, mwenye vidole vilivyokuwa na rangi kwenye mikunjo ambayo sabuni haikuifikia. Siku yangu ya kwanza nilimsalimu, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba," akanipa uzi. Nilitegemea brashi. Ulikuwa uzi wa pamba uliopakwa chaki. Unaubana huku na huku kwenye ubao, unauvuta katikati, unauachia, unabaki mstari mweupe ulionyooka. Kwa wiki mbili sikufanya lolote jingine ila kupiga mistari. Wiki ya tatu alinipa herufi O.

"Herufi nyingine zote ni jamaa za O," aliniambia. "Ukiijua hiyo, umeingia kwenye ukoo."

Mzee Mabula hakutamka r. Wengi wenu mmekulia hapa, mnajua jinsi ilivyo: Kisukuma kimewazoesha watu l, na r ni mgeni anayesahaulika mlangoni. Alisema langi, helufi, balabala. Huko nyuma nilipomsimulia nilikuwa namwigiza, nanyi mlipenda. Hapa maneno yake nitayaandika kwa tahajia ya shule. Nimeshamchekesha vya kutosha. Na niseme pia kwamba kwetu Bukoba bibi yangu aliita kalamu karamu hadi anakufa, na mimi mwenyewe ilinitoka kwa rula ya mwalimu wa darasa la tatu. Sikuwa na cha kujivunia ila rula hiyo.

Ujanani, kabla sijamjua, Mzee Mabula alipaka bango la duka moja karibu na uwanja wa mpira: JUMLA NA LEJALEJA. Lilikaa siku nne kabla mwenye duka hajaambiwa na mteja. Mji mzima ulilisoma. Tangu hapo akaitwa Mzee Lejaleja, na alipopita Mwaloni wachuuzi wa samaki walimpigia kelele, "Lejaleja, tuandikie na sisi!" Yeye aliinua mkono na kujibu, "Nileteeni karatasi!"

Jibu hilo halikuwa mzaha. Baada ya bango lile alijiwekea sheria: hakupaka neno lolote bila mteja kuliandika kwanza kwa mkono wake kwenye karatasi. Hata neno DUKA. Karatasi aliibandika juu ya ubao, akapaka herufi moja, akaangalia juu, akapaka nyingine. Alipomaliza alirudi na penseli akatia alama ndogo chini ya kila herufi ya karatasi, moja baada ya moja, akiwa ameilinganisha na ile ya ubaoni. Katika miaka minane niliyokaa naye hakuharibu neno hata moja. Mimi niliharibu manne. Niliandika VINYWAJI bila Y, na mteja akakubali kwa sababu naye hakuona.

Mengi niliyowafundisha kuhusu rangi ni yake. Nyekundu juu ya bluu hutetemeka, usiiweke. Njano juu ya nyeupe hupotea. Jua la ziwani hula nyekundu kwanza, kwa hiyo jina la biashara lisiwe jekundu, liwe jeusi. Nyekundu iwe ya mapambo. Maneno marefu yasibanwe ili yaenee, afadhali ubao uongezwe. Na kipimo cha mwisho hakifanywi ukiwa mbele ya ubao. "Vuka barabara," alisema. "Msomaji hayuko hapa ulipo wewe." Mlipokuwa mkiniona narudi hatua sita nyuma kutoka kwenye kioo na kukunja macho, nilikuwa navuka barabara ya Kirumba.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini mambo yalibadilika. Mabango ya plastiki yalianza kuletwa kutoka Dar es Salaam yakiwa yameshachapwa, yanang'aa, na hayahitaji kungoja rangi ikauke. Mama Koku akanunua kompyuta, akaiweka chumba cha nyuma na kuifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio. Mimi nilipewa niijue. Hakukuwa na mwalimu. Kulikuwa na kitabu kimoja cha fotokopi, nilichokipata kwa mzungu wa kujitolea aliyekuwa anaondoka, na fotokopi yenyewe ilikoma katikati ya sura ya tano. Sehemu iliyobaki niliijaza kwa kwenda kwenye kafe ya intaneti mjini, kuhifadhi kurasa za watu kwenye disketi, na kuzifungua karakanani kuona zilivyoandikwa. Nilikuwa na daftari la makosa. Kila kosa nililiandika, sababu yake, na dawa yake. Nililipenda daftari hilo kupita kiasi. Mtu mwenye daftari la makosa huanza kuamini kwamba makosa yake yote yamo.

Jambo lililonishangaza katika CSS ni kwamba haigombi. Ukikosea, haikwambii. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa, kikikuta mstari kisiouelewa, kinauruka na kuendelea kana kwamba hukuandika kitu. Mzee Mabula nilipomweleza alitikisa kichwa. "Huyo ni mbaya kuliko mwenye duka," alisema. "Mwenye duka hugomba siku ya nne."

Alikuwa ameanza kuja chumba cha nyuma mwenyewe, mabango yalipopungua. Alikaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, akatazama. Nilimweleza kwamba fonti haisafiri na ukurasa. Msomaji akiwa hana fonti hiyo kwenye mashine yake, ataona nyingine, ndiyo maana tunaandika majina mawili matatu kwa kufuatana.

"Yaani bango moja," aliuliza, "linapakwa upya kwa mkono wa kila anayelisoma?"

"Ndivyo."

"Basi kazi yenu ni kuomba, si kupaka."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo ya kazi hii.

Rangi ndizo zilizomteka. Katika CSS rangi huandikwa kwa alama ya reli na tarakimu au herufi sita. Mzee Mabula alinunua daftari kubwa la kaunta. Kila siku nilimwonyesha rangi chache kwenye kioo, naye akazichanganya kwa rangi zake za mafuta mpaka zifanane, akapaka mraba mdogo daftarini, na pembeni akanakili zile alama sita kutoka kwenye karatasi yangu, akitia penseli chini ya kila moja. Kisha akaipa kila rangi jina. Moja ilikuwa Jiwe la Bismarck baada ya mvua, kijivu cha lile jiwe la ziwani. Nyingine Tope la Mkuyuni. Zambarau aliiita Gugumaji, maana gugumaji lilikuwa limetanda ziwani miaka hiyo na maua yake ndiyo pekee aliyoyasamehe. Mgongo wa Sangara ulikuwa kijani chenye kijivu. Mbili nitazitaja tena: Ziwa Saa Kumi, bluu nzito, na Dagaa Juani, njano iliyopauka yenye kung'aa kidogo.

Ndipo ikaja kazi ya kampuni moja ya kusindika minofu ya samaki. Walitaka kurasa za mtandao ili wanunuzi wa nje wawaone. Mama Koku alituita wote wawili, akapandisha miwani.

"Mabula, nakwambia mbele ya Deo. Mabango ya mkono yamekwisha. Hii kazi ikienda vizuri, utabaki hapa kuwa mtu wa rangi, Deo atakuwa mtu wa mashine. Isipokwenda vizuri, sina pa kukuweka."

"Nimesikia, Mama Koku."

"Umri wako huu, utaanzia wapi?"

"Ndiyo maana nimesikia," akasema.

Tuligawana faili. Maneno na fonti zilikuwa zangu. Rangi zilikuwa zake, naye alizichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, akiwa na kikaratasi nilichomwandikia kwa herufi kubwa: *color*. Alikibandika juu ya kioo, kama alivyobandika karatasi za wateja juu ya ubao. Faili lote lilikuwa na *color* kumi na moja.

Asubuhi ambayo wateja wangekuja, aliniomba nimchapie faili kwenye printa. Nilimchapia. Nilikuwa napiga pasi shati kwenye meza ya Mama Koku. Baada ya muda alikuja na karatasi mkononi, penseli sikioni.

"Deo, hapa kwenye huu mstari wa nne..."

"Mzee, huo ni wangu."

"Najua ni wako. Lakini mingine yote ina ile..."

"Mzee Mabula, wewe angalia rangi. Fonti niachie mimi."

Akasema, "Haya," akaikunja karatasi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimebadilisha fonti. Jana yake kila kitu kilikuwa sawa, kwa hiyo sikufungua tena ukurasa kuujaribu. Katika daftari langu la makosa, ukurasa wa pili, nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: *Ukibadilisha kitu kidogo, jaribu upya chote.*

Walikuja watatu: meneja wa kampuni na wasaidizi wake wawili. Mama Koku alikuwa amevaa gomesi na kuondoa kitambaa cha kufuma. Nilifungua ukurasa. Kioo kikawa bluu, Ziwa Saa Kumi, na katikati ya bluu ile nzito maneno yote yalikuwa meusi. Yaani hayakusomeka. Juu kabisa kichwa cha habari kiliwaka kwa rangi yake kama kilivyopangwa. Chini yake giza.

"Sasa hapa," meneja akauliza, "mnunuzi asome nini?"

Msaidizi mmoja aliinama kwenye kioo. "Labda asome usiku, taa ikiwa imezimwa."

Nilijua ni rangi ya maandishi iliyokataa kutokea, na rangi haikuwa sehemu yangu. Nikasema, kwa sauti ya mzaha, nikimtazama Mama Koku:

"Nadhani Mzee Lejaleja ametuandikia *colol*."

Wasaidizi hawakuelewa. Mama Koku, ambaye aliijua habari ya l na r, alipasuka kicheko kabla hajajizuia, akawaeleza habari ya bango la zamani. Hapo wote wakacheka, meneja hadi akafuta macho. "Lejaleja!" alirudia. "Kumbe ni wewe! Nilipita pale nikiwa mwanafunzi!"

Mzee Mabula alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake na kuitika. Aligusa ile karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati, akanitazama.

"Basi nitakuwa nimeandika hivyo," alisema.

Niliwaomba wageni dakika kumi. Sikutafuta kosa. Nilifuta kifungu chote cha juu, mistari yangu na yake, nikakiandika upya kwa haraka. Ukurasa ukatokea mzuri: Dagaa Juani juu ya Ziwa Saa Kumi, kila neno limesimama wazi. Meneja alisifu rangi. Alipokuwa anatoka alimwambia Mama Koku kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Zuri sana. Ila yule mzee asiguse tena kazi yetu."

Mzee Mabula hakungoja Mama Koku apandishe miwani. Siku ya pili alikuja asubuhi, akaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, akazifunga kwenye kitambaa, akachukua uzi wa chaki na daftari la kaunta, akaaga. Mama Koku alimwambia akae mpaka mwisho wa wiki. Alijibu kwamba ubao ukikamilika hauongezwi rangi.

Sasa niseme jambo la kiufundi, na mnisome kwa makini. Kifungu cha juu cha faili kilikuwa hivi: mstari wa kwanza unataja mwili wa ukurasa na kufungua mabano. Wa pili, rangi ya nyuma. Wa tatu, nafasi ya pembeni. Wa nne, fonti. Wa tano, rangi ya maandishi. Kila agizo humalizwa kwa nukta mkato, ile nukta yenye mkia. Ukiisahau, kivinjari husoma mstari huo na unaofuata kama agizo moja lisiloeleweka, na huitupa yote miwili.

Kama kosa lingekuwa *colol*, ingepotea rangi peke yake. Fonti ingebaki. Siku ile fonti nayo ilikuwa imepotea: maneno yale meusi yalikuwa na vikia kama vya herufi za gazeti, wakati mimi nilikuwa nimeagiza herufi zisizo na vikia. Niliziona kwa macho yangu. Mtu aliyefundishwa O kwa wiki nzima hawezi kutoona. Na kichwa cha habari kilichowaka pale juu kilikuwa na *color* yake, aliyoichapa yeye, sahihi. Ushahidi wote ulikuwa umejaa kioo kizima.

Wiki tatu baadaye nilifungua disketi ya akiba kwa ajili ya kazi nyingine, nikakuta faili la siku ile kama lilivyokuwa kabla sijalifuta. Nilihesabu *color*. Kumi na moja, zote kwa l moja na r moja. Mstari wa nne, fonti yangu mpya, haukuwa na nukta mkato.

Kisha nilifunga kompyuta nikashuka Mwaloni kwa miguu, kwa sababu nilisikia yuko huko.

Nilimkuta ufukweni, amepiga magoti kwenye kokoto karibu na mtumbwi uliopinduliwa, anapaka namba za usajili. Karatasi ya mwenye mtumbwi ilikuwa imebanwa kwa jiwe kando yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Deo! Umekuja kuomba kazi?" Akacheka. "Huku hakuna kioo. Ukikosea, polisi wa ziwani ndio wanakusomea."

Mchuuzi mmoja mwanamke aliyekuwa akianika dagaa alidakia, "Lejaleja, huyu ndiye mwanafunzi wako? Mbona mweupe wa mikono hivyo?"

"Huyu ni fundi wa mashine. Rangi zake zina namba."

Nilichuchumaa. Maneno nilikuwa nayo. Njiani nzima nilikuwa nimeyapanga, la kwanza, la pili, la tatu. Mzee Mabula alichovya brashi, akaangalia karatasi, akapaka tarakimu moja, na bila kunitazama akaniuliza:

"Ile *colol* yangu, uliirekebisha?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Nilihitaji kusema neno moja tu: "Haikuwepo." Wachuuzi walikuwa wanasikiliza. Nami nilikuwa tayari mtu wa mashine wa Mama Koku, mwenye chumba cha nyuma peke yake.

"Niliirekebisha, Mzee," nilisema.

Brashi ilisimama kidogo hewani. Kisha ikaendelea.

"Vizuri," akasema.

Alipomaliza namba alijifuta mikono, akatoa daftari la kaunta kwenye mfuko wake wa brashi akanipa. "Lichukue. Mimi huku rangi zangu hazina namba." Nilisema asante. Alijibu kwa Kisukuma, "Wabeja," ambayo pia ni asante, na sikujua yeye ananishukuru kwa lipi.

Nililifungua nyumbani. Katika ukurasa wa Dagaa Juani kulikuwa na ile karatasi ya printa iliyokunjwa. Chini ya kila *color*, chini ya kila herufi, kulikuwa na alama ya penseli. Na mwishoni mwa mstari wa nne, mahali pasipo na kitu, Mzee Mabula alikuwa amechora duara dogo, zuri, la mkono uliofundisha O. Ndani ya duara hakuandika chochote.

Hakujua CSS. Alijua tu kwamba mistari yote ina nukta yenye mkia na mmoja hauna, kwa sababu aliilinganisha. Alikuja kuniambia, nikamwambia aangalie rangi. Kama aliisahau karatasi ile humo au aliiweka niikute siku nikiwa na akili ya kuisoma, sijui hadi leo. Alipokuwa amesimama mlangoni na wageni wakimcheka, ilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kuitoa.

Nilipanga kurudi Mwaloni wiki iliyofuata. Kukawa na kazi. Niliporudi, baada ya miezi, waliniambia amekwenda kwao Magu, miguu inamsumbua. Magu si mbali. Nilisema nitakwenda msimu wa mvua ukiisha. Habari ya msiba wake ilimfikia Mama Koku kwanza, naye alifunga karakana siku nzima. Alilia, akasema tulimcheka sana. Nami sikusema tulimcheka kwa kosa la nani. Mama Koku naye amefariki bila kujua.

Halafu nikaanza kuajiri watu, na siku moja kijana fulani akakosea herufi, nikamwambia, "Umepiga colol." Akauliza maana yake. Hapo ningeweza kunyamaza tu. Nikasimulia hadithi, na ikachekesha, na kitu kinachochekesha hurudiwa. Nimeifundisha kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mtu mwenyewe.

Mafundisho mengine niliyowaachia ni ya kweli. Msiguse faili la asili la mandhari. Mabadiliko yenu yakae kwenye faili la pembeni. Msiseme rangi ni nzuri kabla hamjaitazama kwenye simu ya bei rahisi, nje, jua la saa sita likiwa juu yake. Andikeni fonti ya akiba. Vukeni barabara. Yote haya nimeyaandika nyuma ya daftari la kaunta, ambalo nimemkabidhi Neema pamoja na barua hii. Miraba yake haijapauka, isipokuwa nyekundu, kama alivyosema.

Karatasi ya printa imo vilevile, ukurasa wa Dagaa Juani. Isitolewe. Anayeajiriwa aonyeshwe siku ya kwanza, aulizwe kosa liko wapi. Msimsaidie. Akilipata lile duara, mwambieni lilichorwa na Mzee Mabula wa Magu, aliyeandika *color* kumi na moja bila kukosea hata moja.

Na neno la ofisi mlibadilishe. Siku rangi itakapokataa kutokea, msiseme mtu amepiga colol. Semeni amepiga Deo, halafu mkaangalie mstari wa juu yake.